Sema Ukweli Kuhusu Hofu Yako: Somo kwa Anayesubiri Upasuaji wa Jicho

Maandiko ya kusoma: Marko 8:22–26, Mathayo 26:36–46, Wafilipi 4:6–7

Wazo kuu: Hofu unayoificha inakufunga. Hofu unayoisema mbele za Mungu, kwa ndugu na kwa daktari inapata mahali pa kuwekwa.

Utangulizi

Mchungaji ameniomba niandike somo nililowafundisha akina mama siku ya Alhamisi. Sababu ni kwamba baada ya ibada ile, watu watatu walinijia, kila mmoja kwa wakati wake, wakaninong'oneza kwamba nao wameambiwa wana mtoto wa jicho na wanaogopa upasuaji. Wawili kati yao hawakuwa wamemwambia mtu yeyote, hata nyumbani. Nikajua jambo hili si langu peke yangu.

Mimi ni mtu wa uzi. Mama yangu alinifundisha kroshia nikiwa msichana, na tangu nistaafu ni nadra siku ipite bila mimi kushika sindano. Baadhi yenu mna vitambaa vyangu kwenye makochi yenu. Na kila mtoto anayeletwa madhabahuni kuwekwa wakfu hapa kwetu, nimejaribu kumshonea shali. Kazi hiyo haitangazwi kwenye kipaza sauti, lakini ni utumishi wangu na ninaupenda.

Kwa hiyo macho yalipoanza kufifia, hofu yangu ya kwanza haikuwa ya kukosa kuona njia. Niliogopa kwamba siku moja sitaona tundu la mshono.

1. Ugonjwa wenyewe ni nini

Tuanze hapa, maana hofu nyingi hukua mahali ambapo hatujui. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi. Ukiwa kijana lenzi hiyo ni safi kama glasi. Miaka ikienda, huanza kuwa na ukungu. Ukungu huo ndio tunaouita mtoto wa jicho. Si utando ulioota juu ya jicho, na si kitu cha kupanguswa. Wazee wengi hupata, na ugonjwa wa kisukari au jeraha la jicho vinaweza kuuleta mapema. Duniani kote, hakuna ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko huu.

Dalili zangu zilikuja polepole. Kwanza nilihama kutoka kochi langu nikakaa karibu na dirisha. Kisha nikaacha kushona jioni, kwa sababu mwangaza wa taa ulikuwa unatawanyika kama ninaangalia kupitia karatasi ya nailoni. Baadaye nikawa namwita mjukuu anitilie uzi kwenye sindano. Mwishowe nikawa nahesabu mishono kwa kidole, nakosea, nafumua, naanza tena. Nikasema ni uzee. Nikabadilisha miwani mara mbili.

Isaka alipozeeka macho yake yalififia. Eli kuhani vilevile, na Yakobo pia. Biblia haisemi kwamba yalififia kwa sababu ya dhambi. Inasema tu walikuwa wamezeeka. Kwa hiyo mpendwa, ukiambiwa una mtoto wa jicho, usianze kujichunguza ni kosa gani ulilofanya.

Daktari aliniambia wazi kwamba hakuna dawa ya matone inayoondoa mtoto wa jicho, na hakuna miwani. Njia ni upasuaji. Lenzi yenye ukungu inatolewa, na nyingine ya plastiki inawekwa mahali pake. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nikapewa tarehe. Nikaenda nyumbani, nikanyamaza.

2. Siku presha iliponirudisha nyumbani

Wiki mbili zile sikulala vizuri. Usiku nilikuwa nikiwaza: je, nikikohoa kisu kikiwa jichoni? Je, nikiona kila kitu wanachofanya? Nilikuwa nimesikia ati wanalitoa jicho lote nje, wanaliosha, halafu wanalirudisha. Je, nikitoka pale sioni kabisa, nani atanishika mkono maisha yangu yote?

Mchana watu wakiniuliza, nilikuwa na jibu moja: "Mimi ni mzima, Bwana ni mwema." Bwana ni mwema kweli, lakini sentensi ile nilikuwa naitumia kama pazia.

Siku ikafika. Nikavaa, nikaenda na binti yangu. Muuguzi akanipima presha. Akapima tena. Akaniambia nikae nipumzike nusu saa, akapima mara ya tatu. Ilikuwa 190 kwa 110. Akaniambia kwa upole, "Mama, leo hatuwezi. Ukiingia hivi si salama kwako." Nikapewa tarehe nyingine.

Tulirudi nyumbani kwa matatu, na hakuna aliyesema neno mpaka tunashuka. Hapo ndipo binti yangu aliniuliza, "Mum, kwani ulikuwa unaogopa?" Nikalia pale pale stejini. Lile swali nilikuwa nimelikimbia wiki mbili, na mwili wangu ulikuwa umelijibu kabla ya mdomo.

Sisemi kila presha inayopanda ni hofu. Nyingine ni ugonjwa na inahitaji dawa, na mimi mwenyewe nilienda kliniki nikaongezewa dawa. Lakini kwangu hofu ilikuwa imechangia, na nilikuwa nimeificha hata kwa Mungu.

3. Mwambie Mungu ukweli

Fungua Marko 8. Yesu yuko Bethsaida, analetewa kipofu. Anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anaweka mikono juu yake, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Sasa angalia jibu la yule mtu. Angeweza kusema, "Amina, naona vizuri kabisa!" Watu wangeshangilia. Lakini alisema ukweli: anaona watu, ila wanafanana na miti inayotembea. Na Yesu hakumkemea kwa kukosa imani. Aliweka mikono tena, na mtu yule akaona sawasawa.

Wapendwa, ukweli wake haukuzuia uponyaji wake.

Bwana wetu mwenyewe, usiku ule wa Gethsemane, hakujifanya. Alihuzunika, akasumbuka, akaanguka kifudifudi akaomba kikombe kimwepuke, kisha akajitia katika mapenzi ya Baba. Daudi naye katika Zaburi ya 56 hafichi hofu yake. Anasema siku anapoogopa, siku hiyo hiyo anamtumaini Mungu. Hofu na tumaini vilikuwa katika kifua kimoja.

Usiku ule wa kurudishwa nyumbani nilichukua daftari nikaandika hofu zangu moja moja, kwa maandishi makubwa ili niyaone. Zilikuwa tano. Ya tano ilinitia aibu: "Naogopa kuacha kushona." Nilijiambia watu wanaomba Mungu kwa ajili ya kansa na karo, mimi namsumbua na kroshia?

Lakini nikakumbuka Kutoka 35. Mungu alipotaka hema yake ijengwe, alimjaza Bezaleli na Oholiabu ujuzi, na miongoni mwa ujuzi huo kuna kutia taraza na kufuma. Wanawake wenye hekima mioyoni walisokota nyuzi kwa mikono yao. Nikamkumbuka Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Mungu aliona vema habari za nguo zile ziandikwe. Kama anajua idadi ya nywele zangu, anajua na mishono yangu. Niliisoma ile orodha mbele zake kwa sauti. Wafilipi 4 inatuambia tumpelekee Mungu haja zetu katika kila neno. Haijachagua neno kubwa ikaacha dogo.

4. Waambie ndugu ukweli

Yesu hakuingia Gethsemane peke yake. Aliwachukua watatu, akawaambia jinsi roho yake ilivyo na huzuni, akawaomba wakeshe naye. Walilala, ndiyo. Lakini aliomba. Basi mimi ni nani nisiombe watu wakae nami?

Alhamisi iliyofuata nilisimama katika ushirika nikasema, "Naogopa." Akina mama wakanizunguka wakaomba. Lakini nitakuwa mkweli hapa pia. Baada ya maombi, dada mmoja mpendwa aliniambia, "Mama, ukienda kwa kisu umemwacha Yehova Rafa. Ngoja muujiza wako." Alisema kwa upendo, na maneno yake yalinisumbua siku mbili.

Nikaenda kwa mchungaji. Akanifungulia Isaya 38. Mfalme Hezekia alikuwa mgonjwa wa kufa. Akaomba, akalia, na Mungu mwenyewe akaahidi kumwongezea miaka 15. Ahadi imetoka kinywani mwa Mungu! Hata hivyo Isaya akaagiza waweke andazo la tini juu ya jipu. Ahadi na tini vilikwenda pamoja. Luka aliyetuandikia Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa. Mchungaji akaniambia, "Mama, sisi tunaamini miujiza na tutaendelea kuomba. Lakini daktari si mshindani wa Mungu."

Kwa hiyo tuwe waangalifu na yale tunayomwambia mgonjwa. Muombee aponywe, muombee na siku yake ya hospitali. Usimpe mzigo wa kuchagua kati ya Mungu na matibabu. Mtu akichelewa sana, mtoto wa jicho huzidi kukomaa, na upasuaji unaweza kuwa mgumu zaidi. Na usimletee asali, maziwa ya mama, wala dawa ya mitishamba ya kutia jichoni.

5. Mwambie daktari ukweli

Mara ya pili niliingia kliniki na daftari langu. Nikauliza yote, hata yale ya aibu. Nilijibiwa hivi:

*Jicho linatolewa nje?* Hapana. Linabaki mahali pake. Wanapita kwenye tundu dogo sana pembeni.

*Nitasikia maumivu?* Unatiwa ganzi, kwa matone au kwa sindano kando ya jicho. Unaweza kuhisi mguso au maji, lakini si uchungu wa kukatwa. Ukihisi uchungu, sema.

*Nitaona kisu?* Watu wengi huona mwanga na vivuli tu.

*Nikitaka kukohoa?* Sema kwanza, nao watasimama.

*Ni muda gani?* Mara nyingi nusu saa au chini yake.

*Je, kuna hatari?* Daktari hakunidanganya. Alisema wengi sana hupona vizuri na kuona tena, lakini wachache hupata matatizo kama maambukizi, ndiyo maana dawa na kurudi kliniki ni lazima. Nilishangaa kwamba jibu hilo lilinituliza kuliko "hakuna shida, Mama." Nilijua naongea na mtu mkweli.

Kisha nikafanya jambo ambalo namwomba kila mshonaji alifanye: nilitoa kroshia yangu kwenye mkoba nikamwonyesha jinsi ninavyoishika, umbali wa kutoka usoni mpaka mikononi. Daktari akafurahi. Akanieleza kwamba lenzi ya kawaida inayowekwa huona vizuri umbali mmoja. Mara nyingi huchaguliwa ya kuona mbali, halafu unatumia miwani kwa kazi ya karibu. Wengine huchagua kuona karibu, wakavaa miwani kwa mbali. Jicho hupimwa kabla ili nguvu ya lenzi ijulikane, kwa hiyo wakati wa kusema "mimi ni mshonaji" ni kabla, si baada. Mimi navuka barabara kubwa kuja kanisani, nikachagua mbali, nikajua mapema kwamba kroshia itahitaji miwani. Kujua mapema kulininyang'anya hofu moja.

Mwambie pia dawa zote unazotumia: za presha, za sukari, za kufanya damu iwe nyepesi, na kwa akina baba, za tezi dume. Uliza kama utakula asubuhi hiyo. Uliza gharama, na SHA italipa kiasi gani. Usiache dawa zako kwa sababu uko kwenye mfungo, uliza kwanza.

6. Siku yenyewe

Presha ilikuwa sawa. Si kwamba hofu ilikuwa imekwisha. Ilikuwepo, lakini haikuwa imejificha.

Nilikuwa nimebeba uzi na kroshia. Nikiwa kwenye benchi la kungojea, nilifumba macho nikaanza mnyororo, mshono baada ya mshono, bila kuangalia. Mikono inajua njia. Kwa kila mshono nilitaja jina la mtoto mmoja wa kanisa hili niliyemshonea shali, nikamwombea. Ukifanya hivyo, pumzi yako yenyewe inapungua kasi. Mama mmoja kando yangu akaniuliza nafanya nini, nikamwambia, naye akaanza kutaja wajukuu wake. Kumbuka tu kuuliza kama unaruhusiwa, na sindano ikae kwenye mkoba ukiitwa ndani.

Ndani walinifunika uso, wakaacha jicho moja wazi. Muuguzi akaniambia, "Nipe mkono wako, Mama. Ukitaka kitu, finya." Nikakumbuka Bethsaida: kabla Yesu hajamgusa yule mtu macho, alimshika mkono kwanza. Sikufinya hata mara moja. Niliona mwanga, nikasikia maji, nikasikia daktari akisema, "Tumemaliza."

7. Baada ya hapo: mguso wa pili

Kesho yake kifuniko kilipotolewa, sikuona vizuri mara moja. Kulikuwa na ukungu kidogo na machozi. Hofu ikataka kurudi. Nikasema kama yule wa Bethsaida: naona, lakini bado. Daktari akaniambia ni kawaida siku za kwanza. Ukungu ukapungua siku baada ya siku. Miezi mitatu baadaye nikaenda kwa jicho la pili. Kwangu, mguso wa pili ulikuja kwa kalenda ya kliniki.

Maagizo niliyopewa, nawe utapewa yako: matone kwa muda wa wiki kadhaa bila kuruka, usisugue jicho, usibebe mtungi wala gunia, maji na sabuni visiingie jichoni, funika jicho ukilala. Hapa kanisani nilimwomba mchungaji apake mafuta kwenye paji la uso pekee, na wanaoweka mikono wasiguse jicho. Jumapili mbili nilimsifu Bwana nikiwa nimeketi, bila kuruka. Na ukipata maumivu yanayozidi, wekundu unaoongezeka, kuona kunakopungua au mimweko ya mwanga, usingoje Jumapili uombewe. Rudi hospitali siku hiyo hiyo, tutakuombea ukiwa njiani.

Wiki chache baadaye nilipata miwani ya karibu. Nikafungua kikapu changu cha uzi, nikashtuka. Nilikuwa na nyuzi nyeupe na nyuzi za rangi ya maziwa zimechanganyika, na kwa miaka nilikuwa naziona zote rangi moja, kwa maana mtoto wa jicho hupaka kila kitu umanjano. Nikaikumbuka shali ya mwisho niliyoshona kabla ya upasuaji. Nikaenda kwa yule mama kijana, nikamwomba aitoe. Nusu nyeupe, nusu rangi ya maziwa, na mstari mmoja nimeruka mshono. Mtoto aliletwa madhabahuni ndani yake, na mama yake hakuwahi kusema neno.

Nikamwambia, "Nipe niifumue nishone upya." Akaikunja, akairudisha kabatini. "Hapana, Mama. Hii ulishona huoni."

Ya kufanya wiki hii

Kama unasubiri upasuaji wowote, andika hofu zako moja moja. Msomee Mungu orodha hiyo. Chagua mtu mmoja, umwambie. Yaliyobaki, mpelekee daktari kama maswali. Na kama macho yako yamefifia na hujapimwa, panga siku ya kwenda.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani

1. Ni sentensi gani ya kiroho unayoitumia kama pazia unapoogopa?
2. Kwa nini unadhani Yesu alimuuliza yule kipofu anaona nini, ilhali alijua?
3. Kikundi chetu kitafanya nini kwa anayeenda hospitali: nani atamsindikiza, nani atampikia, nani atamkumbusha matone?

Sala

Baba, tunakuja bila pazia. Unajua kinachotunyima usingizi. Mshike mkono kila anayesubiri siku yake. Wape madaktari na wauguzi utulivu na macho mazuri. Tupe kanisa ambalo mtu anaweza kusema "naogopa" na akapata wa kukesha naye. Na kazi ya mikono yetu, hata ile iliyoharibika mishono, uipokee. Katika jina la Yesu. Amina.